Vikombe viwili vya ngano nilivyotia kwenye keki za uwele za mke wangu

Wakuu, salaam. Na ninyi vijana, marahaba, hata kwa zile shikamoo ambazo hamjanipa.

Nianze na kosa lenyewe, ili atakayechoka kusoma njiani awe ameshaupata uzi wote.

Miaka mingi iliyopita, hapa hapa Issuna, Singida, rafiki yangu Selemani alinishauri nitie unga wa ngano kwenye keki za uwele za mke wangu, bila mwenyewe kujua. Ningesema hapana, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Nilisema haya.

Haya mengine ni maelezo tu. Lakini ni ya kweli, maana kwa umri huu hata nikidanganya sina pa kuipeleka faida yake.

Kilichonikumbusha ni mjukuu wangu Neema, yuko chuo Dodoma. Alikuja likizo na kuku wangu wakapata mtu wa kuwapiga picha. Siku moja amekaa barazani, akaniletea simu.

"Babu, ona hizi keki za vikombe. Zinaitwa gluten free. Hazina ngano hata chembe, na sukari hazina, utamu wote ni wa matunda. Ndiyo kitu kipya mjini."

Nilicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Kipya? Bibi yako alikuwa anazioka hapo nyuma ya jiko kabla mama yako hajaanza shule."

Neema akaniangalia kwa ile huruma ambayo vijana wanamwangalia nayo mzee anayeanza kuchanganya majina. Ndipo nikamsimulia. Na alipomaliza kusikiliza ile huruma ilikuwa imemtoka, akasema, "Babu, hii iandike." Basi naandika, yeye ananisaidia pale simu inaponishinda.

Turudi nyuma.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Waliokuwepo wanakumbuka. Jana yake sabuni unaipangia foleni, kesho yake duka limejaa biskuti, redio, mitumba, na unga wa ngano mweupe kama chokaa. Kila mtu akawa mfanyabiashara. Hata mwalimu wa hesabu alikuwa anauza viberiti mnadani.

Mimi nilikuwa karani wa ushirika. Ushirika ukadhoofika, siku moja tukaambiwa twende nyumbani tutaitwa. Mpaka leo nasubiri kuitwa. Nikabaki na cheti cha kidato cha nne na suruali mbili za kitambaa, na vyote viwili haviliwi.

Mke wangu, Mama Mage, hakuwa na cheti. Alikuwa na jiwe la kusagia.

Sasa, jirani yetu Mama Hadija alikuwa na binti mmoja, Hadija mwenyewe, wa miaka sita hivi. Mtoto mwembamba, macho makubwa, mdomo haufungwi. Lakini akila andazi, chapati au mkate, tumbo linajaa kama ngoma, anaharisha siku kadhaa, analegea. Walizunguka naye sana. Mwisho daktari wa hospitali moja ya misheni akawaambia: mtoto huyu na ngano basi. Hata kidogo asipewe.

Rahisi kusema. Siku ya Idd watoto wote wana maandazi mkononi, Hadija amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anakula muhogo. Mama Mage akamuona anaomba kunusa andazi la mwenzake. Si kula, wakuu. Kunusa.

Sisi ni Wakristo, Idd si yetu, lakini mke wangu alirudi nyumbani hajala pilau ya watu. Akaniambia, "Baba Mage, yule mtoto nitampikia keki." Nikamwambia keki bila ngano ni sawa na mbuzi bila miguu. Akaniambia, "Mbuzi bila miguu hapotei."

Akaanza majaribio.

Kuna mtu najua atauliza uwele ni nini. Ni nafaka yetu huku, punje ndogo za kijivu, ndugu yake mtama. Ugali wake mweusi, ukiula na mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza, unalala umeshiba. Mama Mage alisaga uwele kwenye jiwe lake mwenyewe. Mashine hakutaka, alisema pale mashineni vumbi la kila unga linakaa, huwezi kujua aliyetangulia kasaga nini.

Utamu: msimu wa furu, yale matunda meusi ya porini yanayopaka ulimi rangi, aliyachemsha, akatoa kokwa, akachemsha tena mpaka yakawa mazito kama asali. Furu zikiisha, ndizi zilizoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, au papai. Mafuta ya alizeti. Mayai ya kuku wa hapa hapa. Ili zivimbe alitia togwa ya mtama iliyoanza kuchacha, akaacha mchanganyiko upumue.

Vikombe alitengenezewa na fundi wa vibatari, kutokana na kopo la mafuta ya kula. Vikombe kumi na viwili, kila kimoja kimepinda upande wake. Anavipanga kwenye sufuria kubwa yenye mchanga chini, anafunika, makaa chini na makaa juu ya mfuniko.

Mara ya kwanza zilitoka zina harufu nzuri sana, ila ukishika inakuwa unga mkononi. Tulizila kwa kijiko. Mara ya pili vilevile. Kuku walifurahi sana kipindi kile.

Ngano ina ule mvuto unaoshikilia keki, uwele hauna. Mke wangu akakaa akawaza. Halafu mchana mmoja namuona anachukua mlenda mkavu, ule uliosagwa, anaukoroga kwenye maji ya vuguvugu mpaka unavutika, anaumimina kwenye keki.

Nikamwambia, "Mama Mage, sasa hiyo ni keki au mboga?"

"Wewe nenda kasubiri barua ya ushirika."

Wakuu, zilishikamana. Laini, nyeusi kidogo kwa juu, furu imepenya ndani. Mlenda huusikii kabisa. Kipimo chake alikijua yeye kwa vidole, anabana, anaangalia, anaongeza au anarudisha. Sikuwahi kumuuliza ni kiasi gani. Nilikuwa naona ni kazi ya wanawake, mimi kazi yangu kula.

Ya kwanza kabisa ikaenda kwa Hadija. Tukakaa siku tatu tunamwangalia mtoto wa watu kama mtihani. Hakuugua. Siku ya nne akaja mwenyewe na kisahani: "Mama Mage, zile nyingine ziko wapi?"

Kuanzia hapo ikawa sheria. Kila anapooka, keki ya kwanza ni ya Hadija. Anasimama pale jikoni kama afisa wa serikali, anaionja, anafumba macho, halafu anatangaza: "Inapita!" Asiposema inapita, hakuna keki inayotoka kwenye ua wetu. Mke wangu alimwahidi hivyo mbele ya mama yake. Alimwambia, "Keki ya nyumba hii utakula ukiwa umefumba macho."

Tukaanza kuziuza mnadani. Watu wakaziita keki za Hadija. Wengine walinunua kwa kuzicheka, wakarudi kwa kuzitamani. Mzee mmoja mfugaji alikuja na mwanawe anayeoa, akasema hajui keki ni nini ila hii ni chakula. Hadija akawa anatembea mnadani kama tajiri.

Na mimi? Mimi nilikuwa nabeba beseni.

Niwe mkweli, hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Karani mzima, ninayejua barua za Kiingereza, nabeba beseni la keki za uwele nyuma ya mke. Watu hawakusema kitu. Nilikuwa najisema mwenyewe.

Selemani alikuwa kafungua duka la vyakula pale mnadani. Alikuwa rafiki yangu tangu shule, mtu wa maneno mengi na roho nzuri, sitaki mumchukie. Akawa ananiambia, "Karani, uwele ni chakula cha kuku. Dunia ya sasa ni ngano."

Ikaja harusi. Mfanyabiashara mmoja wa alizeti alikuwa anaoza binti, akaja mwenyewe kwetu kuweka oda. Keki nyingi, za kutosha ukumbi mzima. Akasema jambo moja tu: "Mama, ukiweza ziwe nyeupe kidogo, ziwe za harusi."

Mke wangu akamjibu kwa upole, "Shikamoo tena mzee. Nyeupe siwezi. Nyingi nitakazoweza ni zile utakazosaga mkono wangu."

Yule mzee akacheka, akasema haya, leta hizo hizo.

Mnaona? Mteja alishakubali. Aliyekataa ni mimi. Nilijua ukumbi mzima wa wakubwa utakuwepo pale, na mimi nitaingia na beseni la vitu vyeusi. Nikaenda kwa Selemani kulalamika.

"Sasa shida iko wapi?" akasema. "Tia ngano kidogo. Zitavimba, zitang'aa, na hakuna atakayejua."

"Na yule mtoto?"

"Kwani mtoto ndiye anayeolewa? Hizi ni za harusi."

Nikasema haya.

Siku ya kuoka, mke wangu alitoka asubuhi kwenda porini kuongeza furu. Nikafungua debe lake la unga, nikatia vikombe viwili vya ngano, nikachanganya vizuri mpaka rangi ikalingana. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi haraka kuliko ilivyowahi kufanya ofisini.

Aliporudi nikaona hatari moja: akikoroga ataujua unga kwa mkono. Basi nikasema, "Leo nitakoroga mimi, wewe pumzika."

Wakuu, nyumba ilijaa furaha. Aliita majirani. "Njooni muone, Baba Mage anakoroga!" Wanawake wakaja, mmoja akanifunga kanga kiunoni, wengine wakapiga vigelegele. Mama Hadija akasema, "Ushirika umefungwa, sasa tumeona faida yake." Mke wangu alinitazama kwa namna ambayo hakuwa amenitazama tangu tuoane. Nilikoroga nikiwa nimeinamisha kichwa, wakadhani ni haya ya kiume.

Keki zikatoka. Kubwa, laini, zimepanda juu ya vikombe.

Na pale mlangoni, kisahani mkononi, amesimama Hadija.

Nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Sikusahau. Watu wangu waliponisamehe walidhani nilisahau ile sheria ya keki ya kwanza. Nilikumbuka vizuri. Nilimuona mke wangu anachagua iliyo nzuri, anaipuliza ipoe, anaiweka kwenye kisahani. Muda wa kusema ulikuwepo. Ungetosha hata kwa mtu mwenye kigugumizi. Lakini nilikuwa na kanga kiunoni na wanawake wananisifu, nikajiambia kidogo namna hii hakitamdhuru, labda daktari alizidisha.

Hadija akafumba macho kama kawaida yake. Akatafuna. Akafumbua.

"Leo ni laini kuliko siku zote. Inapita!"

Harusi ilifana. Keki ziliisha, mwenye shughuli akanishika mkono mbele za watu. Niliporudi nyumbani, mke wangu hayupo. Yuko kwa Mama Hadija.

Mtoto aliumwa karibu wiki nzima. Sitaeleza sana. Kila siku mke wangu alikuwa anakwenda na uji wa uwele, anarudi, anakaa chini anatafuta kosa lake. Alivichemsha vile vikombe mara tatu. Akaosha jiwe la kusagia kwa majivu. Akaanza kuzilaumu furu, kwamba labda alichuma karibu na mti mbaya. Siku ya tatu akaniambia, "Baba Mage, nahisi nimemlisha mtoto wa watu sumu na sijui ni ipi."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Vikombe vingapi?"

"Viwili."

"Na wewe ulikuwepo wakati anakula."

"Nilikuwepo."

Akasimama, akajifunga kitenge, akasema, "Twende ukaseme huko."

Tulikwenda, nimebeba jogoo mweupe kwapani. Nikasema yote mbele ya Mama Hadija na mama yake mzazi, Bibi Mwamvua, isipokuwa lile la kukumbuka. Bibi Mwamvua alinisikiliza mpaka mwisho, akamwangalia jogoo, akaniangalia mimi, akasema, "Jogoo tumempokea. Yeye angalau hana kosa." Hata Mama Hadija akacheka katikati ya machozi. Wakanisamehe. Watu wetu husamehe wakisema wamesamehe, hawakurudia tena jambo lile, na jogoo tulimla pamoja.

Hadija akapona. Akarudi kucheza na Mage wetu uani kama zamani.

Mke wangu akapanga siku ya kuoka, safari hii peke yake, mimi nikafukuzwa hata kwenye kivuli cha jiko. Zikatoka. Akamwita Hadija, akampa ya kwanza.

Mtoto akaishika. Akainusa. Hakufumba macho. Akanitazama mimi niliyekuwa mbali kule kwenye zizi la mbuzi, akairudisha kwenye kisahani kwa adabu kabisa.

"Asante Mama Mage. Nimeshiba."

Mama Mage hakumlazimisha. Akangoja siku nyingine, akaoka tena, jibu likawa lile lile. Mara ya tatu alizitoa zote kwa kuku, akaviosha vile vikombe kumi na viwili, akavifunga kwenye kitambaa akavipandisha darini. Sheria ilikuwa sheria. Bila "inapita", keki haitoki.

Nilimbembeleza. Selemani pia alikuja kumbembeleza, kwa aibu yake. Mke wangu akamjibu, "Sijanuna, shemeji. Ila niliahidi kitu, na sasa sina namna ya kukiahidi tena." Na kweli hakununa. Tuliishi vizuri, tulicheka, tulilima alizeti, tukasomesha. Keki hakuoka tena.

Samahani wakuu, nilikwenda kumtoa mbuzi kwenye mboga za jirani. Nimerudi.

Mama Mage alitangulia mbele za haki miaka michache iliyopita, kwa amani, akiwa amezungukwa na watoto wake.

Sasa sikilizeni. Majuzi, Neema akiwa hapa hapa likizoni, gari limesimama getini. Anashuka mama mtu mzima, kanenepa, kapendeza, kashika mkono wa mtoto wa kike mwembamba mwenye macho makubwa.

"Shikamoo Baba Mage."

Ni Hadija. Anaishi Singida mjini, Mwankoko. Na yule ni binti yake wa mwisho, ana tatizo lile lile la mama yake.

"Nimejaribu zile za kununua, hazili," akasema. "Nikamwambia kuna keki nilikuwa nakula mimi utotoni. Nimekuja kuomba mnifundishe."

Nilimweleza kwanza lile nililoficha. Kwamba nilikumbuka, na nikanyamaza. Niliona afadhali anifukuze kwenye ua wangu mwenyewe kuliko nimfundishe kitu nikiwa na uongo mdomoni.

Hadija akasema, "Nilijua, Baba Mage. Nilipofumbua macho uliangalia chini."

Halafu akavua viatu akauliza jiwe la kusagia liko wapi.

Tumeoka, wakuu. Tumeshusha vile vikombe darini, vina kutu, tukavisugua kwa mchanga. Neema kasaga uwele mpaka kalia mikono. Furu, togwa, alizeti, vyote nilikumbuka. Tukafika kwenye mlenda, nikakwama.

Mara ya kwanza zikawa unga. Mara ya pili zikawa mlenda kabisa, ungeweza kulia ugali. Mara ya tatu zimeshikana upande mmoja na kumwagika upande mwingine. Kuku wamefurahi kama zamani. Kila mara Hadija ananiwekea ya kwanza kwenye kisahani, ananiambia, "Anza wewe, Baba Mage," na binti yake anasimama pembeni ananikagua kama afisa. Ninaionja, nafumba macho, nasema ukweli: haipiti. Yule mtoto anacheka mpaka anakaa chini.

Jumamosi wanakuja tena.

Kwa hiyo vijana, nilichojifunza ni hiki: aliyekupa imani yake akiwa amefumba macho, usimguse hata kwa kikombe kimoja. Na ukiwa umeshakosea na bado una muda wa kusema, sema, hata kama umefungwa kanga na unapigiwa vigelegele.

Na kama kuna mama au bibi wa Ikungi, Iramba, Manyoni au popote anayejua kipimo cha mlenda mkavu kwa vikombe vitatu vya unga wa uwele, namuomba aweke comment hapa chini. Si kwa biashara. Kuna mtoto anasubiri.

Mtauliza, kabla sijamaliza, ilinigharimu nini. Mtoto alipona, jirani alisamehe, mke hakuniacha, kwa hiyo wengine wataona haikunigharimu kitu.

Ilinigharimu keki za mke wangu. Zilikufa miaka mingi kabla yake, na kipimo chake amekwenda nacho kwenye vidole vyake. Hakuna aliyeziua ila mimi, kwa vikombe viwili vya ngano.